Mkono Usioshika Kitasa

Dalili ya mvua si mawingu. Waliosema kinyume chake hawakuwahi kuishi Mvukeni, chini ya Mlima Ngosi, ambako jua huwaka kweupe kisha maji yakakushukia utosini ukiwa katikati ya njia, bila wingu wala radi ya kukuonya. Tusekile alikuwa amelowa namna hiyo alipofika kwa wakwe wa mdogo wake, mkungu wa ndizi begani, akilitazama anga jeupe kama mtu anayemtazama mwizi aliyevaa suti.

Mama yao alikufa hivyo. Alilima, aliimba kwaya, aliwacheka wagonjwa wa jirani, na wakati wote huo ini lake lilikuwa linaliwa ndani kwa ndani. Siku macho yalipogeuka njano na tumbo likafura, halikubaki la kufanya ila kuagiza mbao za jeneza.

Aliutua mkungu, akashika kitasa cha mlango wa mbele.

Kila mlango wa mbele Mvukeni ulikuwa na kitasa kama hicho: cha shaba, chenye uvuguvugu wa mvuke uliopandishwa kutoka tumboni mwa mlima, na chenye sindano nyembamba kuliko vinyweleo vya upupu. Ukikishika husikii maumivu. Kinanyonya damu isiyoshibisha hata mbu, kinatafuta ndani yake kwanza kabisa gamba la kirusi cha homa ya ini B, kisha kinakujibu kabla hujamaliza kupiga hodi. Kijani, huna. Njano, unacho. Ukiachia, mvuke unaziunguza sindano zile na nyingine zinaota mahali pake.

Kitasa kikawaka njano.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani," ilisema sauti, na Bi Subilaga akatokea akiwa na kitambaa mkononi. Alikuwa mama mkwe wa Atuganile, yule mdogo wake Tusekile, na mkunga wa zamani, mwanamke mwenye kifua kipana na macho yasiyopepesa. Akakifuta kitasa mara moja, akakifuta tena.

"Vumbi," alisema.

"Vumbi la njano, mama?"

"We mtoto, mdomo wako utakuja kukunyima mume."

"Umeshaninyima wawili. Mmoja alikuwa anakoroma, sikulia."

Bi Subilaga hakutaka kucheka lakini alicheka. Kisha akakishika kitasa yeye mwenyewe, bila sababu yoyote, nacho kikawaka kijani kibichi kama jani la mgomba. Akakiacha kiwake hivyo kitambo, mgeni akione vizuri. "Nyumba hii haijawahi kuwaka rangi nyingine," alisema.

Mvukeni nzima ilimjua Tusekile. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika karakana ya vitasa, na alikuwa njano. Kila asubuhi alimeza kidonge kimoja kilichomlaza kirusi usingizi, akaenda kazini, akatengeneza vitasa vya kuwapima wengine. Kirusi hicho kikimwingia mtu mzima, mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kikidumu zaidi ya nusu mwaka, kimehamia. Kwa mtoto mchanga hakisubiri kukaribishwa. Karibu kila mtoto anayekipata siku ya kuzaliwa huzeeka nacho, na Tusekile alikipata siku hiyo, kutoka kwa mama yake, ambaye hakuna aliyempima.

Chai ililetwa. Kikombe chake kilikuwa cha bati. Nyuma ya Bi Subilaga vilining'inia vikombe vinne vya udongo, vizima, vinang'aa.

"Mama, ugonjwa wangu hausafiri kwa kikombe. Unapita kwenye damu, kwenye kitanda cha mume na mke, na kwa mama kwenda kwa mtoto anayezaliwa."

"Unanifundisha ukunga?"

"Basi nipe cha udongo."

"Vimepasuka," alisema Bi Subilaga, bila hata kugeuka kuvitazama.

Tusekile akanywa. Kilichomkaa rohoni hakikuwa kikombe. Yeye na Atuganile walilala tumbo moja, wakanyonya titi moja, wakamzika mama mmoja. Vitasa vilipokuja Mvukeni, Atuganile alikuwa ameshaolewa. Tangu hapo, kila mtu aliyeulizwa habari zake alitoa jibu lile lile: nyumba yao ni kijani. Nyumba. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema Atuganile ni kijani. Tusekile aliligeuzageuza neno hilo kama mtu anayegeuza samaki sokoni, akitafuta mahali panaponuka.

*

Alimkuta mdogo wake jiko la nje, amekaa kwenye kigoda, tumbo limetangulia kama ngoma, akimenya magimbi.

"Dada! Umekuja kunitazama au kunihesabia pumzi?"

"Vyote. Mtoto anacheza?"

"Anapiga teke kama anadai haki yake."

Wakacheka. Tusekile akachukua kisu, akamenya naye. Mlango wa jiko ulikuwa wa ubao mtupu, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Haukuwa na shaba, haukuwa na taa.

"Atu. Umewahi kushika kile kitasa cha mbele?"

Mdogo wake alimtazama kana kwamba ameulizwa kama amewahi kuvaa suruali ya baba mkwe. "Dada, umesoma mpaka umesahau kwenu? Mkono wa mwenye nyumba unalala pale asubuhi na jioni."

Tusekile hakuwa amesahau. Ila alikuwa hajawahi kuliweka jambo hili karibu na lile. Mke wa mtoto, kwa mila yao, humkwepa baba mkwe kama mtu anavyokwepa moto wa nyika. Hamtaji jina. Hapiti alipokaa. Akisikia kikohozi chake njiani, huingia migombani mpaka apite. Na hagusi alichogusa yeye. Dunia ilikuwa imechimba mlima na kuufanya ulete maji moto mpaka chumbani, lakini mila hiyo ilivuka salama na kuja kukaa nao kwenye nyumba mpya, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Wake za watoto waliingilia jikoni.

"Na ilipotakiwa kila mtu wa nyumba apimwe?"

"Mama mkwe alinishikia."

"Alikushikia vipi?"

"Alishika yeye mara mbili. Mara moja yake, mara moja yangu." Atuganile alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza wema aliotendewa. "Si mimi peke yangu. Alizunguka mtaa mzima akiwashikia wake za watu. Nani angewavunjia heshima wazee?"

Kisu kilisimama mkononi mwa Tusekile. Alikuwa ameshika mashine zile kila siku ya kazi, amezisafisha, amezisifu. Shaba haikusema uongo hata siku moja. Iliusoma mkono iliopewa.

"Nina kipimo mfukoni," alisema kwa sauti ya chini. "Tone moja la kidoleni. Ukiwa nacho, mtoto anachomwa chanjo siku ile ile anayozaliwa, na wewe unaanza vidonge kama vyangu. Unanyonyesha, unaishi, unazeeka. Ukiwa huna, tunakula magimbi."

Uso wa Atuganile ulifunga. "Usinipime."

"Atu."

"Nikiwaka njano, nitaambiwa nimeleta mikosi. Mume wangu Lusajo ni mtoto wa kwanza kwao. Wewe una nyumba yako, una kazi yako, una huo mdomo. Mimi nina nini? Watu wanasema unataka niwe kama wewe ili usiwe peke yako."

"Na wewe unasema hivyo?"

Mdogo wake akaweka gimbi chini. Akamshika mkono, mkono wenye maji ya magimbi. "Usichungulie damu yangu, dada. Niahidi."

Kuchungulia damu ndilo jina lililopewa kosa hilo. Sheria ya Mvukeni iliruhusu mtu apimwe na kitasa cha mlango anachokishika kwa hiari tu, na jibu liwe mali ya nyumba hiyo. Ilitungwa kwa sababu nzuri: zamani mtu alikuwa akitazamwa weupe wa macho sokoni, na jioni vyombo vyake viko nje.

"Nimekusikia," alisema Tusekile.

Halikuwa neno la ahadi, na wote wawili walilijua.

*

Daktari Ambakisye, msimamizi wa vitasa, alimpokea karakanani huku akifuta miwani. Alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kukuongezea sukari kwenye chai kabla hujaomba. Tusekile alimheshimu. Ndiyo maana alimchunguza kwa makini zaidi.

"Daktari, nina wasiwasi kwamba wako watu ambao vitasa havijawahi kuwasoma."

"Wake za watu ni jambo gumu," alisema Daktari.

Juu ya meza vitasa vilivyofunguliwa vilipumua mvuke kidogokidogo.

"Mimi nimesema watu," alisema Tusekile. "Sijasema wake."

Daktari akavaa miwani. Hakukana, na hilo lilimpa heshima kidogo. "Kaa, binti yangu."

"Nimesimama vizuri."

"Nilijua mwaka wa kwanza. Nikajiuliza, niseme? Nikisema, kila baba mkwe Mvukeni atapita mlangoni akimwangalia mke wa mwanawe kwa jicho la shaka. Wataburutwa mpaka kwenye kitasa. Watakaowaka njano watarudishwa kwao na watoto mgongoni. Unakumbuka mambo yalivyokuwa?"

"Ninakumbuka. Niliwasaidia kuokota vyombo vyao njiani."

"Basi. Tangu vitasa vifike, hakuna mke aliyefukuzwa mji huu kwa ajili ya ini. Hata mmoja. Hiyo si afya?"

Tusekile alitafuta uongo ndani ya maneno hayo, hakuupata. Hapo ndipo alipoogopa. "Na chanjo ya siku ya kwanza? Miaka michache kabla ya vitasa kila mtoto alichomwa, bila kuuliza mama yake ana rangi gani."

"Dozi zinaletwa kwa shida. Baraza likaamua kila nyumba iwekewe moja tu kabatini, na itolewe palipo na njano."

"Na ninyi mkawaambia njano hakuna."

"Tulisema vitasa havijaonyesha."

"Daktari, hayo ni maneno ya mwanasheria. Nipe dozi moja. Mdogo wangu yuko karibu kujifungua."

"Siwezi. Kabati la kila nyumba linafunguliwa na kitasa chake, na kitasa kinafungua kikiona damu ya mama aliyetoka kujifungua na gamba la kirusi kwa pamoja. Mkono wako hautakifungua, wala wangu. Tulilitengeneza hivyo ili dozi zisiibwe." Akashusha sauti. "Mwache azae kwa amani. Tutampima mtoto akikua kidogo, kimya kimya."

"Akikua kidogo kirusi kitakuwa kimeshajenga."

"Kuna dawa."

"Zipo. Ninazimeza kila asubuhi. Zinakilaza tu, Daktari, hazikifukuzi." Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Ulikuwa unanipa sukari nyingi siku zote. Nilidhani ni ukarimu."

*

Uchungu ulimshika Atuganile mchana wa jua kali. Tusekile alipofika, Bi Subilaga alikuwa ameshapandisha mikono ya gauni, na jiko la nje lilikuwa limegeuzwa chumba cha uzazi. Huko mzee wa nyumba hawezi kukanyaga. Bi Subilaga alifanya kazi yake vizuri, hilo Tusekile hakumnyima hata siku za baadaye. Mikono yake ilijua. Mtoto wa kike akatoka na kelele za kutosha kijiji.

"Ndaga," alisema Bi Subilaga kwa mtoto, akimshukuru kwa kuja. "Huyu amechukua mdomo wa mama yake mkubwa."

Tusekile alimpokea mpwa wake, akamfuta. Damu ya mama ilikuwa kila mahali: kwenye khanga, kwenye kisigino cha mtoto, kwenye vidole vyake mwenyewe. Kipimo kilikuwa mfukoni. Tone moja, na angejua bila mtu kujua. Angefanya nini na kujua huko? Kabati lisingefunguka kwa siri yake. Angekaa na jibu kama Daktari Ambakisye alivyokaa nalo, akiwaongezea watu sukari.

Akauacha mfuko.

"Mama," alimwambia Bi Subilaga, akijaribu mlango wa mwisho uliobaki, "mtoto achomwe chanjo. Hata kama hana haja, haimdhuru. Mpeleke Atu kwenye kitasa, mara moja tu, mzee akiwa ndani."

"Mzazi wa leo? Apite mbele? Akishike anachoshika mwenye nyumba?" Bi Subilaga hakupandisha sauti. "Nilishamshikia. Kijani."

"Ulishika wewe."

"Mkono wangu ni mkono wa nyumba hii." Akakusanya vitambaa, akatoka kwenda kuvifua. Tusekile aliona kwamba alitoka haraka mno, kwa mtu ambaye kazi yake imeisha salama.

Mtoto alilazwa kwenye kikapu. Atuganile akajikokota, akaketi. Alikuwa amekauka midomo.

"Dada, nipeleke bafuni. Nishike vizuri, naona giza."

Tusekile alimshika kiunoni. Mkono wa mdogo wake ulimzunguka shingo, mzito, wa kuamini. Wakatoka uani. Bafu lilikuwa kushoto, nyuma ya migomba.

Wakaenda kulia.

Atuganile alikuwa amefumba macho, akihesabu pumzi. Alipoyafumbua walikuwa wameshapita pembe ya nyumba. Barazani alikaa mzee Mwaijande, redio pajani, akisikiliza bei za kahawa. Alimwona mke wa mwanawe akija mzimamzima mbele ya uso wake, na mzee yule, aliyewahi kupambana na nguruwe mwitu kwa rungu, akatoa mlio kama wa mbuzi, akavuta blanketi na kujifunika kichwa. Redio ikaanguka, ikaendelea kutaja bei chini.

"Dada!" Atuganile alijaribu kugeuka. Miguu haikumtii. "Dada, hapana. Hapana, nakuomba."

Tusekile alimshika kiganja, akakifunika kwenye shaba, akaweka chake juu yake.

Njano.

Ukutani, pembeni ya mlango, kabati dogo lililokuwa halijafunguka tangu lijengwe likalia tiki na kuachia ulimi wake. Ndani yake, kwenye ubaridi, palikuwa na bomba moja dogo la sindano, limejaa.

Bi Subilaga alikuwa amefika mbio, mikono inachuruzika povu. Aliiona ile rangi. Tusekile hakuwa akiitazama rangi tena, alikuwa akimtazama yeye. Uso wa mkunga haukushtuka. Ulishuka taratibu, kama uso wa mtu aliyesikia hodi aliyokuwa akiingoja kwa muda mrefu.

"Ulijua," alisema Tusekile.

"Nilihisi," alinong'ona Bi Subilaga. "Nilihisi, na sikutaka kujua."

Tusekile akamketisha mdogo wake kizingitini, akalitwaa bomba, akarudi mbio jikoni. Paja la mtoto lilikuwa dogo kama kidole gumba. Mtoto alilia, kisha akanyamaza, na tone moja la damu likabaki pale kama punje ya ulezi. Akambeba, akarudi naye mbele.

Mvua ilikuwa imeanza, na jua bado linawaka. Majirani walikuwa wamejaa uzioni. Mzee hakutoka ndani ya blanketi. Aliongea na mke wake tu, maneno yakipita kwenye sufu: "Subilaga. Mwambie huyo mgeni apige magoti. Nyumba yangu imevunjiwa heshima mbele ya watu. Aombe radhi, atoe ng'ombe wa kuisafisha, yaishe."

"Umesikia," alisema Bi Subilaga. Sauti yake ilikuwa na nyufa. "Piga magoti, mwanangu. Ni neno moja tu. Ukilisema, nitaweza kumtetea mdogo wako hapa ndani. Usipolisema, nitamtetea kwa kipi?"

Tusekile akamtazama Atuganile. Hapo ndipo palipouma. Mdogo wake alikuwa amekunjamana kizingitini, khanga imelowa, na hakuwa akilia kwa ajili ya ile rangi.

"Nilikwambia nishike," alisema Atuganile. "Nilifumba macho kwa sababu ni wewe."

"Ninajua."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Basi omba radhi. Si kwao. Kwangu. Sema samahani, dada, nami nitajua kwamba uliumia."

Uzioni, mke wa jirani, mwanamke mwenye mimba changa, alikuwa ameacha kuwatazama wao. Alikuwa akikitazama kitasa cha mlango wake mwenyewe, ng'ambo ya njia. Mama mkwe wake naye alimwona, akamshika kiwiko.

Tusekile aliinama, akamweka mtoto kwenye mapaja ya mama yake, akamfunika utosi usiingiwe na mvua. Alibaki ameinama hivyo kwa kitambo, na watu wakadhani magoti yanafuata. Akanyooka.

"Atachomwa tena baadaye, dozi zinazofuata, usimpitishe," alisema. "Mnyonyeshe, titi halina neno. Vidonge vyako nitavileta kesho, hata kama utanifungia mlango, nitaviacha kizingitini. Niliumia, Atu, naumia hata sasa. Na ungefumba macho tena, ningekuleta hapa tena. Siombi radhi."